Mega za Mama Patriki

Ukifika Dongobesh ukaulizia duka la Gaudensia utazungushwa mpaka uchoke, maana pale sokoni akina Gaudensia ni wanne na mmoja wao anauza mitumba. Ulizia Mama Patriki wa steshenari, utaonyeshwa hata na mtoto anayejifunza kutembea. Duka lina mlango mmoja wa bluu, mashine ya fotokopi yenye kikohozi, kompyuta mbili, na kwenye ukuta wa nyuma kalenda ya parokia ya mwaka ambao hakuna anayeukumbuka vizuri. Kalenda imegeuzwa mgongo nje. Mgongoni Mama Patriki aliandika jedwali kwa wino mweusi, mistari kwa rula, mwandiko wa mtu aliyefundishwa na masista.

Jedwali hilo lilikuwa heshima yake. Alipomaliza cheti cha kompyuta Arusha mwaka 2001, wenzake walirudi nyumbani na viatu vya mjini. Yeye alirudi na daftari. Humo ndimo alimonakili kasi za waya zote za zamani ambazo diski hupitishia mafaili yake: ule waya mpana wa kijivu kama utepe, ule mwembamba uliokuja baada yake, tundu la flashi la kwanza, tundu la flashi la pili. Kila waya ulikuwa na namba yake, na mbele ya kila namba neno moja tu: mega. Mteja akileta mzigo wa picha, Mama Patriki hugeuka akatazama ukutani, akagawanya kwa kikokotoo, kisha akamwambia itachukua muda gani. Neno "tutaona" halikuwahi kutoka kinywani mwake, na fundi aliyelitumia mbele yake alipewa mhadhara mrefu kuliko kazi yenyewe.

Sasa, mtu wa Nambis aliyeamka alfajiri kukamua ng'ombe hana haja na habari za sekunde mia saba. Kwa hiyo Mama Patriki alikuwa na vipimo vya kuwatafsiria wateja. Dakika kumi ni chai. Saa moja na nusu ni misa. "Picha zako ni chai mbili," humwambia mtu, na mtu huenda akanywa kweli, akirudi anakuta kazi tayari. Nurdin, mfanyabiashara wa vifaa vya umeme kule Katesh, ambaye walizoeana kwa simu miaka mingi, hakuacha kumtania. "Dada, hiyo misa ni ya padri mzee au ya padri kijana? Maana na mimi jirani yenu nasikia zinatofautiana." Mama Patriki humjibu kwamba misa ni misa na yeye ashughulike na sala zake.

Ndivyo alivyoishi, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mjane, mwanawe Patriki yuko chuo Dodoma, jina zuri sokoni na jedwali ukutani. Alikuwa ameridhika, na sioni aibu kulisema, maana siku hizi mtu akisema ameridhika watu hudhani amekosa akili.

Jumanne moja ya mwezi wa tisa bodaboda ilisimama mlangoni. Abiria alikuwa Violeth wa Maretadu, mwalimu wa chekechea, binti wa Mwalimu Isidori. Alikuwa ameikumbatia kompyuta ya zamani, lile boksi lake kubwa tu bila kioo, limefungwa kwa khanga ili lisile vumbi.

"Shikamoo, Mama Patriki."

"Marahaba, binti. Habari za Maretadu?"

"Nzuri. Baba anakusalimu. Amesema ukiiona hii usicheke."

Mama Patriki akacheka, kidogo tu, kwa heshima. Mashine ilikuwa na umri wa kupiga kura. Mwalimu Isidori aliinunua ikiwa tayari imetumika, na humo aliweka video ya harusi ya dada yake Hilda ya mwaka 2004, sehemu ya nyumbani kabla ya kwenda kanisani. Video yote ilikuwa faili moja zito la gigabaiti tatu.

Violeth akaketi kwenye benchi akaeleza. Jumamosi ilikuwa harusi yake. Kanisani mambo yalikuwa yamepangwa, lakini nyumbani, kabla bibi harusi hajatoka, ilikuwa lazima mzee wa ukoo asimame atoe slufay, ile sala ndefu ya Kiiraqw ya kubariki, mmoja anaongoza mstari kwa mstari na wengine wanaitikia. Miaka yote mwongozaji alikuwa babu yake mzaa baba, Mzee Margwe. Mdogo wake, Mzee Bura, alisimama ubavuni kwake akiongoza waitikiaji. Margwe alifariki miaka miwili iliyopita. Ukoo ukamgeukia Bura. Akajaribu mara moja, siku ya kumaliza msiba wa jirani, na katikati ya sala maneno yakamwishia mbele ya watu wote. Akaketi chini. Tangu siku hiyo akiombwa husema maneno yalikuwa ya kaka na kaka ameondoka nayo.

"Tumembembeleza tangu Pasaka," Violeth alisema. "Amekubali kwa sharti moja. Anataka amsikie kaka yake kwanza, na sauti yake imebaki kwenye video hii ya shangazi Hilda tu. Asipomsikia kabla ya Jumamosi, hasimami. Na asiposimama yeye, Mama Patriki, hakuna mwingine. Nitatoka nyumbani kwetu bila neno."

Macho yake yalikuwa makavu, lakini alikuwa akilikunja na kulikunjua pindo la khanga. Mama Patriki aliolewa kwa slufay, na baba yake mzazi ndiye aliyeitoa. Akaelewa vizuri kabisa kilicholetwa dukani kwake.

"Ugonjwa wa mashine ni nini?"

"Baba anasema diski ikifanya kazi kama dakika ishirini inapata joto, inaanza kugonga, halafu inazima. Ikipoa inawaka tena."

Dakika ishirini. Mama Patriki akageuka ukutani. Mashine ya Isidori ilikuwa na tundu la flashi la kwanza, la zamani kabisa, na kwenye jedwali mbele ya tundu hilo palikuwa na kumi na mbili. Mega kumi na mbili kwa sekunde. Gigabaiti tatu ni kama mega elfu tatu. Akagawanya. Sekunde mia mbili na hamsini.

"Dakika nne na kidogo," alisema. "Hata chai moja haifiki. Kaa hapo hapo."

Akaiunga na kioo cha dukani, akachomeka flashi, akawasha, akalikuta faili, akaagiza linakiliwe. Mstari wa kijani ukaanza kutembea kwenye kioo. Dakika ya nne ikapita na mstari haujasogea hata kidole. Mama Patriki akasema mashine za zamani huanza taratibu. Dakika ya kumi ikapita, mstari umefika moja ya tano, naye akaacha kusema. Violeth alitazama mstari, akamtazama Mama Patriki, akatazama jedwali. Dakika ya kumi na nane diski ikaanza kugonga, ko, ko, ko, kisha kioo kikawa cheusi.

Waliiacha ipoe mpaka adhuhuri wakajaribu tena. Safari hii iligonga dakika ya kumi na mbili. Na kwa kuwa faili lilikuwa moja, na safari haikukamilika, kwenye flashi hapakubaki kitu.

Fundi mwingine angetafuta wa kumlaumu, na wa kulaumiwa hawakosekani: umeme, vumbi la Maretadu, flashi za siku hizi. Lakini mficha uchi hazai. Mama Patriki alizima mashine, akaketi kwenye benchi pembeni mwa binti.

"Violeth, diski ni mbovu, lakini kosa la leo ni langu. Nimekupa namba isiyo ya kweli, na kwa namba hiyo nimeitumia pumzi iliyobaki. Ningejua itachukua muda mrefu kuliko uhai wake nisingeiwasha."

Violeth akaikunja khanga yake. Nje mtu alikuwa anapatana bei ya kuku.

"Nimwambie nini Babu Bura?"

"Mwambie Ijumaa nitakuja mwenyewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwahidi mtu bila kutazama ukutani. Violeth alipoondoka, Mama Patriki alifunga duka mapema, jambo ambalo jirani muuza mitumba alilitangaza hadi kituo cha basi.

Hakulala vizuri, na asubuhi ya Jumatano alifungua duka akiwa na hesabu moja kichwani. Katika dakika kumi na nane mashine ilipitisha mega elfu moja na kidogo. Ukigawanya, ni mega moja kwa sekunde. Jedwali linasema kumi na mbili. Mega kumi na moja zimekwenda wapi? Kwa miaka ishirini na zaidi jedwali halikuwahi kumwaibisha. Lakini alipofikiri vizuri akaona kwamba miaka yote hiyo aliutumia hasa ule waya mpana wa kijivu na ule mwembamba. Tundu la flashi la kwanza hakuwahi kulitegemea kwa mzigo mkubwa. Namba yake ilikaa pale ukutani tu kama mgeni anayekula bila kuulizwa jina.

Alikuwa mlangoni na kikombe mkononi. Ng'ambo ya barabara wanunuzi wa mahindi walikuwa wanapakia lori. Magunia yalikuwa lumbesa, yameshonewa vilemba juu, kila moja limebeba zaidi ya haki yake, na kila moja kwenye mdomo wa mnunuzi lilikuwa gunia tu. Mkulima mmoja alikuwa anabishana nao. "Gunia ni gunia, mzee," walimwambia.

Mama Patriki alishusha kikombe. Mama yake mzazi, Efrazia wa Nambis, alilima mahindi na maharage maisha yake yote na hakuwahi kuuza kwa gunia. Mnunuzi akija na magunia yake, Efrazia alileta debe lake la bati lenye mshono mmoja, akamwaga, akasawazisha kwa fimbo, akahesabu. Waliomwambia gunia ni gunia aliwajibu kwamba hajawahi kupika gunia. Na sasa binti yake, aliyelelewa pembeni ya debe hilo, alikuwa ameandika mega, mega, mega kwenye kila mstari bila kuuliza ni mega ya nini. Kama angekuwa hai, Efrazia angecheka hadi ashike mbavu, halafu angemnyima chakula cha mchana.

Akalitoa daftari la Arusha kwenye sanduku la chini. Kwenye ukurasa wa awali, mwalimu wao alikuwa ameeleza yote, na Gaudensia wa wakati ule alikuwa amenakili bila kufikiri. Faili hupimwa kwa baiti. Baiti moja hutengenezwa na vipande vidogo vinane, ndizo biti. Watengenezaji wa ule waya mpana walitaja kasi yake kwa baiti, mega mia moja kweli kweli. Watengenezaji wa tundu la flashi walitaja kwa biti. Kumi na mbili zao ukizimwaga kwenye debe moja, yaani ukizigawa kwa nane, zinabaki moja na nusu. Tena hiyo ni ya kwenye karatasi. Njiani mashine hutumia sehemu kwa mazungumzo yake yenyewe, ndiyo maana aliona moja. Elfu tatu kwa moja na nusu ni dakika thelathini na tatu. Kwa moja ni hamsini. Kwa diski inayokufa dakika ya ishirini, safari ile ilikuwa haifiki hata kabla ya kuanza.

Akaketi na kikokotoo akaanza kumwaga jedwali zima upya, kila namba kwenye baiti. Tundu la flashi la pili, mia nne na themanini, gawa kwa nane, sitini. Kisomeo cha sidii chenye mwendo wa hamsini na mbili, kila mwendo ni kilobaiti mia na hamsini, jumla karibu mega nane. Diski laini za zamani, zile bapa, biti laki tano kwa sekunde, zikawa kilobaiti sitini na mbili na nusu. Hapo alitikisa kichwa akikumbuka alivyozipenda. Alipofika kwenye ule waya mwembamba akakwama. Daftari lilisema biti giga moja na nusu. Elfu moja mia tano gawa kwa nane ni mia moja themanini na saba na nusu. Lakini jedwali lake lilisema mia moja na hamsini, na waya huo haujawahi kumdanganya.

Kuuliza si ujinga. Akampigia Nurdin.

"Asalaam alaikum, kaka. Nina swali la aibu."

"Waalaikum salaam, dada. Ya aibu ndiyo nayapenda."

Akamweleza. Nurdin hakucheka kama alivyotarajia. Alisema waya ule husafirisha biti kumi kwa kila baiti, maana nane ndizo mzigo na mbili ni za kuushikilia mzigo ufike salama. "Kwa hiyo usigawe kwa nane, gawa kwa kumi. Ukinunua mahindi kwenye magunzi, si unajua gunzi haliliwi?"

"Mia moja na hamsini," alisema Mama Patriki, na akahisi moyo umetulia kidogo. Kisha akamweleza yaliyobaki: Mzee Bura, Violeth, Jumamosi, diski. Kompyuta zake mwenyewe hazikuwa tena na nafasi ya plagi pana ya diski ile, plagi ya meno arobaini. Alihitaji adapta, yenye mdomo wa zamani upande mmoja na tundu la flashi la pili upande mwingine, na yenye umeme wake.

Nurdin akaweka simu pembeni. Zikasikika boksi zikiburutwa.

"Niliinunua mwaka ule simu zilipoanza kuwa na kamera, nikijua itanitajirisha," alisema. "Haijawahi kuuzwa. Mke wangu Samira anaitumia kukandamizia mlango wa kabati. Kesho itapanda basi la asubuhi, ipite Basotu na Haydom. Konda atakupigia."

"Shilingi ngapi?"

"Dada, harusi ya watu. Jumamosi ukila pilau unitaje tu kwa jina."

Adapta ilifika Alhamisi saa saba mchana, imefungwa ndani ya boksi la sabuni. Violeth alikuwa ameshafika, mkono mmoja umeshapakwa hina ya majaribio ambayo haikumpendeza. Mama Patriki alikuwa ameing'oa diski tangu asubuhi akailaza kwenye sakafu ya saruji, mahali penye baridi kuliko pote dukani. Safari hii alifanya hesabu kwa sauti, ili mteja asikie.

"Tundu linabeba sitini. Diski hii hata ikiwa nzima haifiki hapo, ingetoa ishirini na kitu. Ni mgonjwa, tuseme inatoa kumi. Elfu tatu kwa kumi ni sekunde mia tatu. Dakika tano. Ikigonga mapema, kuna programu itakayoruka sehemu mbovu na kuchukua nzima, ili tusipoteze yote kama juzi. Lakini sikuahidi kwamba itatoa yote. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Akawasha. Diski ikazunguka kwa sauti nyembamba. Mstari wa kijani ukaondoka mbio, na Violeth akaziba mdomo kwa mkono wenye hina. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Dakika ya nne na kitu, ko. Ko, ko. Programu ikaruka, ikajaribu, ikaruka tena. Kisha diski ikatoa mkwaruzo mmoja na kunyamaza, na haikuwahi kuzunguka tena mpaka leo.

Zilikuwa zimetoka mega elfu mbili na mia sita.

Mama Patriki alichukua karibu saa nzima kulitengeneza mkia faili lile ili likubali kufunguka. Lilipofunguka, walimwona Mzee Margwe amesimama uani na koti lake kubwa na fimbo, miaka ishirini imemrudia, na Mzee Bura ubavuni kwake akiwa na nywele nyeusi. Sauti ilikuwa safi. Margwe alianza na nchi, akaenda kwenye mvua, akaenda kwenye ng'ombe na malisho, na kila mstari waitikiaji walipokea. Ukafika mstari wa nyumba mpya na moto wake wa jikoni. Hapo picha ikaganda, na sauti ikakatika.

Violeth alisubiri. Kisha akasema taratibu, "Hajafika kwenye watoto."

Kila mtu wa kule anajua. Sehemu ya watoto na amani ya nyumba ndiyo inayomhusu bibi harusi hasa. Kabla ya hapo mzee huwa anafungua njia tu. Mama Patriki aliona uchungu, na akausema. "Ninaumia, binti. Kama siyo Jumanne, ingekuwemo."

"Angalau amepatikana," Violeth alisema. Lakini hakulirudia neno hilo.

Ijumaa mchana wakapanda bodaboda mbili hadi Maretadu. Uani kwa Mwalimu Isidori wanawake walikuwa wanachambua mchele na kumenya vitunguu, na turubai lilikuwa limeshasimamishwa nusu. Mzee Bura alikuwa ndani, sebuleni, peke yake kwenye kiti kilichoelekea ukuta, kofia juu ya goti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mashine?"

"Ndiye mimi. Mzee, kabla sijafungua, kuna jambo nikuambie."

"Utaniambia baadaye. Nimesubiri tangu Pasaka. Fungua."

Mama Patriki alimtazama Violeth, na Violeth akatazama sakafu. Akaweka simu yake, aliyoihamishia video, kwenye meza, juu ya kitambaa cha kufumwa, akaongeza sauti mpaka mwisho, akabonyeza. Mzee Bura hakuitazama picha hata mara moja. Alifumba macho tangu kaka yake alipokohoa kusafisha koo.

Margwe akasema mstari wa kwanza. Mzee Bura akaitikia. Sauti yake ilikuwa ya chini, iliyozoea kuja ya pili. Nchi, akaitikia. Mvua, akaitikia. Wale waliokuwa uani wakasikia sauti mbili za wazee, moja ya marehemu, na kelele za sufuria zikapungua. Mmoja mmoja wakaja mlangoni na mikono yenye vitunguu. Ng'ombe, malisho, wakaitikia pamoja naye. Mama Patriki hakuitikia. Alikuwa anahesabu mistari iliyobaki, akijilaumu kwamba alikubali kunyamazishwa.

Nyumba mpya, na moto wake wa jikoni. Mzee Bura akaitikia, na watu wakaitikia. Kisha simu ikanyamaza.

Mzee Bura alibaki amefumba macho, ameinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, upande ambao kaka yake alizoea kusimama. Alisubiri mstari wake. Haukuja. Mama Patriki alifungua mdomo aseme.

Sauti ikatoka kwa Mzee Bura. Ilikuwa ya chini bado, lakini ilikuja ya kwanza. Alisema mstari wa watoto. Mlangoni mtu mmoja akaitikia kwa kusitasita, kisha wote. Akasema unaofuata: watoto wa kike na wa kiume, wenye miguu ya kufika mbali na akili ya kurudi. Wakaitikia. Akaendelea hadi kwenye amani ya nyumba, hadi kwenye uzee wa wawili pamoja, hakukosa mahali, sauti ikipanda kila mstari, na Mama Patriki akajikuta anaitikia na wenzake huku machozi yanamtiririka bila aibu yoyote. Violeth alikuwa amepiga magoti bila kuambiwa.

Ilipokwisha, mzee alifumbua macho, akapangusa uso kwa kofia.

"Kaka alikuwa anajua kumalizia," alisema. "Sasa niambie, wa mashine. Ulitaka kusema nini?"

Violeth ndiye aliyejibu, bado yuko chini, mkono wake umeshika goti la mzee.

"Babu, yeye alinyamaza kwenye moto wa jikoni. Mashine haikutoa zaidi. Hao watoto umenibarikia wewe."

Mzee Bura aliitazama simu, kioo chake kimeshazima. Akawatazama watu waliojaa mlangoni, akamtazama mjukuu wake. Kisha akavaa kofia yake, akajiinua kwenye kiti, na kuuliza kesho watu watakusanyika saa ngapi.